Vikaratasi Arobaini na Viwili vya Tashibihi

Jumatatu, Machi 3

Siku kubwa! Mwalimu Mkuu katuita ofisini kwake wakati wa mapumziko, mimi na Jirani. Jirani anafundisha Kiswahili darasa la saba B. Mimi nina saba A. Kati yetu kuna ukuta wa plaiwudi na miaka minne ya chuki iliyotunzwa vizuri. Mwenyewe hana habari na hiyo chuki. Ndio ubaya wake huo. Hata kuchukiana naachiwa nifanye peke yangu.

Habari yenyewe: Ijumaa saa tatu asubuhi anakuja Mkaguzi wa lugha. Ataangalia somo langu, kisha la Jirani. Mada ni tamathali za usemi. Atakayemridhisha ndiye atakuwa Mkuu wa Idara ya Lugha, kwa sababu aliyekuwepo amestaafu na meza yake iko wazi. Meza! Ina droo inayofungwa kwa ufunguo! Mimi mwaka wa kumi na moja huu nachangia meza na Mwalimu wa Hisabati, mtu anayejua vipimo vyote duniani isipokuwa nusu ya meza inaishia wapi.

Kabla ya kutoka nikamsifu Mwalimu Mkuu kwa miwani yake mipya. Nikasema inampa sura ya msichana wa chuo. Akanitazama muda mrefu. Kumbe ni miwani ile ile ya siku zote, leo ameifuta tu. Si neno. Sifa haiozi.

Somo la tashibihi limekwenda vizuri sana. Nikauliza, mrefu kama nini? Wote arobaini na wawili: kama mlingoti! Mtamu kama nini? Kama asali! Mweupe kama nini? Kama theluji! Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona theluji, lakini sauti ilikuwa moja. Mwalimu ataka nini zaidi?

Doa moja tu. Yule binti mgeni wa dawati la mbele, aliyehamia mwezi uliopita. Nimempa jina la Neno-kwa-Neno, maana kila ukimwambia jambo anakwenda nalo kama lilivyo. Leo nilimwona ameduwaa, nikamwambia akae chonjo. Akafunga vitabu vyake, akasimama, akauliza kwa adabu zote Chonjo ni dawati la wapi.

Darasa likavunjika mbavu. Nikawaambia wafunge midomo. Yeye, aliyekuwa hacheki hata kidogo, akafunga wake kwa vidole viwili.

Ni jeuri huyu. Au ni mjinga. Nitaamua Ijumaa ikipita.

Jumanne, Machi 4

Mpango umezaliwa! Nilikuwa bafuni, povu kichwani, mara ukaja mzima mzima, na viungo vyake vyote.

Mkaguzi anataka kuona watoto wakizungumza kwa tamathali. Vema. Watazungumza. Kila mtoto atapewa kikaratasi chenye namba na tashibihi moja aliyoandikiwa na mimi, aikariri mpaka aiote. Mimi nitauliza maswali kwa mfuatano. Wa kwanza anasimama, anajibu, anakaa. Wa pili anasimama, anajibu, anakaa. Arobaini na wawili. Kama mashine ya kufyatulia matofali. Mkaguzi atadhani ameingia kwenye darasa la vipaji maalumu.

Nimekata vikaratasi hivyo asubuhi kwa mkasi wa Mama Watoto. Mke wangu ni fundi cherehani, na ule ni mkasi wake wa vitambaa, haupaswi kuona karatasi maisha yake yote. Nimeurudisha palepale, umeelekea upande uleule. Hatajua.

Saa nne nikasikia kicheko kutoka saba B. Kicheko! Kwenye somo la Kiswahili! Nikawaachia wangu kazi ya kunakili ubaoni, nikaweka kiti juu ya dawati, nikapanda juu yake, nikachungulia pale plaiwudi inapoishia. Jirani alikuwa ameweka birika la ofisi ya walimu juu ya meza na anawauliza watoto birika hilo linatuonaje sisi walimu. Tashihisi. Kitu kisicho na uhai kinapewa tabia za mtu. Mtoto mmoja akasema birika limechoka kusikia umbea, ndiyo maana kila saa nne linapiga mluzi. Wakacheka tena. Mimi pia kidogo nicheke, nikajizuia. Adui hachekewi.

Hapo Jirani akainua macho.

"Karibu, Mwalimu," akasema, kwa upole ule wake unaokera. "Watoto, nani ataniambia kitu gani kimechomoza juu ya ukuta?"

Mikono ishirini juu. Sauti ya nyuma ikasema: "Mwezi wenye kipara!"

Akawaambia hiyo ni sitiari, na ni nzuri, waiandike. Wakaiandika. Saba B nzima imeniandika.

Nikaenda kushtaki kwa Mwalimu Mkuu kwamba vyombo vya ofisi vinapelekwa madarasani bila utaratibu. Akasema kibali ametoa yeye. Kisha akauliza mimi nililionea wapi hilo birika, na darasa langu nilimwachia nani.

Jumatano, Machi 5

Wiki nyingine ningeiruka siku hii. Naiandika kwa ajili ya ukweli tu.

Wazo la asubuhi lilikuwa hili: Jirani ana birika, basi mimi nitakuwa na kitu chenye uhai zaidi. Na nyumbani kwangu kuna nini kinacholia, kinachokimbia, chenye mguu na jicho? Cherehani! Mama Watoto alikuwa ametoka kwenda kununua nyuzi. Anashona sare za kwaya, kumi na nane, za kukabidhi Jumamosi. Nikahesabu: kwenda na kurudi kwake, saa mbili. Somo langu, dakika arobaini. Nikaibeba ndani ya sanduku lake la mbao mpaka shule. Mkono wa kulia hadi sasa haufungi ngumi.

Darasa lilipoiona lilishusha pumzi kwa heshima. Nikapata moto. Nikawaambia hii si chuma, huyu ni mama anayefanya kazi bila kulalamika. Msikilizeni anavyohema. Msogeleeni. Mjueni kwa ndani. Utafuteni moyo wake!

Hapo karani akaniita nikasaini daftari la mahudhurio. Dakika nane. Naapa hazikuzidi nane.

Niliporudi, Neno-kwa-Neno alikuwa amesimama katikati, wenzake wamemzunguka kama kwenye chumba cha upasuaji, na cherehani imelala juu ya gazeti ikiwa vipande ishirini na tatu. Alitumia bikari, ile ya kuchorea duara. Skrubu alizipanga kwa ukubwa. Akaniambia, huku jasho linamtoka, kwamba wameutafuta kila mahali lakini moyo hawajauona bado.

Nikageuka, na Mama Watoto alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Jirani yetu wa nyumbani aliniona nikipita na sanduku.

Alinitoa nje, chini ya dirisha la darasa. Akasema mimi ni mzigo asiojua autue wapi. (Sitiari.) Kwamba kichwa changu kigumu kama pasi iliyopoa. (Tashibihi, na mpya kabisa!) Kwamba ameniambia mara elfu nisiguse kifaa chake cha kazi. (Chuku, kwa hesabu yangu ni mara sita.) Kwamba hiyo cherehani ingekuwa na mdomo ingeomba talaka kabla yake yeye. Tashihisi! Ya hali ya juu! Nikatoa kalamu nikaanza kuandika kiganjani zisinipotee.

Lilikuwa kosa. Alipoona naandika, alinyamaza. Kunyamaza kwa Mama Watoto hakuna jina katika vitabu vya lugha.

Kisha akaingia darasani na, badala ya kumkaripia yule binti, akaketi naye. Wakaiunga cherehani pamoja, wawili, kipande kwa kipande, kengele ikalia na wao bado wanaunga. Inafanya kazi. Mama Watoto anasema eti inakwenda laini kuliko mwanzo, ila hilo halinipunguzii kosa.

Jioni akanipa habari ya mtoto yule. Kwao hakuna anayezungumza Kiswahili. Wazazi wametoka mbali, wana lugha yao, na nyumba nzima inamtegemea yeye sokoni, hospitalini na kila penye dirisha la kuulizia. Kiswahili chake amekitoa kwenye kamusi. Ana daftari la jalada la kahawia, anaandika kila neno analolisikia darasani asilolielewa, na tarehe yake.

Nikasema, aha, basi si jeuri.

Mama Watoto akasema si jeuri, ni mtoto anayetaka kujua. Akauliza mimi mwalimu wake nimekaa naye mwezi mzima, sikuona?

Nikamwambia wiki hii nina mambo mengi. Akaniuliza pia ni nani aliyekata karatasi kwa mkasi wake. Nikaenda kulala mapema.

Alhamisi, Machi 6

Mazoezi ya mwisho. Yamepita kama maji kwenye mfereji! Arobaini na wawili, hakuna aliyekwama. Namba tisa, Neno-kwa-Neno, alisema "kama waridi lililochanua alfajiri" bila kosa hata la herufi. Halafu akainua mkono akauliza: kama jibu tunalo tayari, Mwalimu, kwa nini unatuuliza?

Maswali ya namna hii mbele ya Mkaguzi? Hapana. Nikaliona tatizo, nikaliona na dawa yake papo hapo. Kesho, somo likianza, nitamtuma stoo ya vitabu akahesabu kamusi. Stoo iko nyuma ya jengo, mlango unabana, hakuna anayekwenda huko. Ni heshima kwake pia. Anapenda kamusi.

Mwalimu wa Hisabati alikuja darasani kwangu mchana kuchukua bikari yake. Nikamweleza mpango wote palepale mbele, kwenye dawati la Neno-kwa-Neno. Yeye alikuwepo, lakini nilizungumza kwa nahau tupu, na mtoto huyu nahau zinampita kama treni. Nikasema Mkaguzi nitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa na hatahisi kitu. Nikasema Mwalimu Mkuu hanipi taabu, huyo namvika kilemba cha ukoka kila asubuhi. Hisabati akaniuliza sioni hatari. Nikamwambia hatari ni ya wanaobahatisha, mimi nimeweka namba.

Binti alikuwa ameinama anaandika. Kazi ya nyumbani, bila shaka. Bidii nzuri.

Nilipofika nyumbani Mama Watoto alikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Anasema yule binti alipita kumsaidia kushona vifungo vya sare, akamuuliza maneno mawili matatu, wakacheka sana. Sikuuliza maneno gani. Mambo ya wanawake na vifungo.

Kabla ya kuzima taa akaniambia: "Nakutakia mema ya kesho, Mwalimu."

Kaniita Mwalimu! Heshima imerudi nyumbani.

Ijumaa, Machi 7

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma. Ofisini kuna watu.

Mambo yalianza vizuri mno. Saa tatu kasoro tano nilimtuma Neno-kwa-Neno stoo. Akaenda. Shati langu lilinyooka kama ubao. Mwalimu Mkuu akaingia, akakaa kiti cha nyuma. Saa tatu kamili, Mkaguzi hayupo. Saa tatu na robo, hayupo. Saa tatu na nusu akatokea, mtu mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na daftari la kahawia kwapani. Akaomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa ameanzia stoo ya vitabu. Ni kawaida yake, kasema, anapenda kujua kama vitabu vina vumbi.

Nikakumbuka nimemtuma nani huko. Lakini hakuongeza neno, na mimi si mtu wa kutafuta balaa. Nikaanza.

Swali la kwanza hadi la nane, muziki mtupu. Wanasimama, wanajibu, wanakaa. Mkaguzi kalamu mkononi. Nikajiona nafungua droo.

Swali la tisa. "Bibi harusi amependeza kama nini?"

Dawati la namba tisa tupu. Namba kumi akatazama kushoto, akaona hakuna mtu, akajua zamu imefika kwake. Mtoto mtiifu sana huyu. Akasimama, akanguruma:

"Kama gunia tupu lililonyeshewa na mvua!"

Akakaa. Mtu angesema simama, tuanze upya. Mimi macho yakashuka yenyewe kwenye karatasi, yakasoma swali la kumi. Babu amekunjamana kama nini?

"Kama radi inayopasua mwamba!"

Simba ananguruma kama nini?

"Kama kifaranga kilicholowa!"

Mwizi anatetemeka kama nini?

"Kama mfalme kwenye kiti chake cha enzi!"

Nikasita. Swali la kumi na tatu nililijua lilivyo. Nililitunga mwenyewe, na kwa upendo. Mkaguzi akanipungia mkono, tafadhali, endelea, endelea. Nikauliza kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake: mwalimu wetu anaheshimika kama nini?

Namba kumi na nne alikuwa amekariri vizuri kuliko wote.

"Kama kupe mkiani mwa ng'ombe!"

Mwalimu Mkuu alivua miwani yake akaifuta. Aliifuta muda mrefu.

Mkaguzi akafunga kitabu chake cha ripoti. Akasema majibu ameyasikia, na ni mengi, sasa angependa kujua mtoto aliyemwazima hili daftari la kahawia kule stoo anakaa dawati gani. Nikasema sijui ni la nani. Nilikuwa najua. Wote arobaini na mmoja wakanyoosha kidole kwenye dawati la namba tisa.

Akaletwa kutoka stoo, vumbi kwenye nywele. Mkaguzi akamuuliza, safari hii mbele yetu sote, alikuwa anafanya nini kule wakati wenzake wanasoma. Akajibu kwamba Mwalimu alimtuma kuhesabu kamusi. Ziko sita. Amezihesabu mara kumi na nne na bado ziko sita.

Mkaguzi akamwomba asome alichoandika, popote anapopenda. Akafungua. Akasimama wima, akasoma kwa sauti safi, kila silabi imekaa mahali pake.

"Kukaa chonjo. Si mahali. Maana yake ni kuwa macho. Kuwa macho. Si kuwa na macho mengi. Maana yake ni kukaa chonjo."

Watu wakatabasamu. Hata mimi. Nikadhani tumeokoka.

"Kumvika mtu kilemba cha ukoka. Maana yake ni kumsifu mtu kwa uongo. Mwalimu humvika Mwalimu Mkuu kila asubuhi."

Nikatazama dirisha. Liko juu mno kwa mtu wa umri wangu.

"Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Maana yake ni kumdanganya mtu bila yeye kujua. Mkaguzi atapakwa Ijumaa, saa tatu."

Akainua macho, akaongeza kwamba maana ya hizi mbili hakuipata kwenye kamusi, alielezwa na mama wa cherehani.

Wapo watu wameangukiwa na paa wakatoka wazima. Nimesoma kwenye magazeti. Niliwaonea wivu.

Mkaguzi hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimuuliza mtoto kwa nini anayaandika maneno yote haya. Akasema: "Nyumbani hakuna wa kumuuliza. Na Mwalimu anasema maneno mazuri sana, lakini hasimami."

Mkaguzi akamwambia basi ajaribu tashibihi yake mwenyewe, isiyo ya kikaratasi. Kiswahili kwake kiko kama nini? Akafikiri. Darasa zima likamngoja. Sijawahi kuliona linamngoja mtu.

"Kama nyumba ya watu," akasema. "Mimi niko nje kwenye baraza. Nasikia ndani wanacheka, lakini sijui wanacheka nini. Nabisha hodi. Wanasema karibu, ila mlango hawafungui."

Hakuna aliyecheka. Namba kumi, yule wa gunia, alikuwa anatazama viatu vyake. Alicheka kuliko wote siku ya chonjo.

Ilikuwa ndefu mno kwa tashibihi. Nisingempa alama zote. Lakini badala ya kusema ahsante, kaa, nikajikuta nafuta macho. Vumbi la chaki. Lazima nimweleze Mwalimu Mkuu habari ya chaki hizi.

Baadaye, kupitia plaiwudi, nilisikia somo la Jirani. Walicheka mara tisa. Nilizihesabu.

Jumamosi, Machi 8

Nimemkabili Mama Watoto. Nimemuuliza, mke anaweza vipi kumuuza mume wake hadharani kwa bei ya vifungo?

Hakuinua macho kwenye pindo analoshona. "Mtoto kaniuliza maana, nimempa maana. Ulitaka nimdanganye?"

Nikasema angeweza kunionya. Akasema alinionya: tangu lini yeye ananiita Mwalimu?

Nikakaa. Akakata uzi, akasema kwa sauti ya chini kwamba binti yule, alipofika hapo Alhamisi, alikuwa na ukurasa mzima wa maneno ya kuuliza, na juu yake ameandika "Maneno mazuri ya Mwalimu wangu". Ananiona mimi ndiye ninayejua Kiswahili kuliko watu wote aliowahi kukutana nao. "Na wewe ukamtia stoo," akasema Mama Watoto.

Sikula mchana. Nilikunywa chai tu, vikombe vitatu na mkate. Sare kumi na nane zimekabidhiwa kwa wakati. Zimependeza. Nimezibeba mimi, kwa amri.

Jumatatu, Machi 10

Tangazo asubuhi: Mkuu wa Idara ya Lugha ni Jirani. Makofi. Mimi nilipiga kwa kiganja kimoja na kitabu.

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu nilikaa dakika ishirini. Nayaacha yaliyosemwa. Nilianza kumwambia rangi ya gauni lake inampendeza, akainua kidole kimoja, nikaishia kwenye "rangi".

Halafu Jirani akanifuata mwenyewe kwenye nusu yangu ya meza, ambayo leo ni robo. Nilijiandaa kwa kebehi. Badala yake akasema Mkaguzi amelipenda lile daftari. Anataka madarasa yote ya saba yawe na daftari kama hilo: mtoto anasikia nahau, anaiandika, anaulizia maana, anaitumia. Mwisho wa mwezi yatapelekwa kwake ayasome. Na mimi kila siku nitenge robo saa ya kusimama na kujibu maswali tu. Akasema nina utajiri wa maneno ambao yeye hana, na watoto wangu wana bahati, kama nitawafungulia.

Hakuwa na kebehi hata chembe. Mwanamke huyu hana haya.

Robo saa ya kwanza nimeifanya leo. Neno-kwa-Neno aliuliza maswali manane. Wengine wakafuata, kumbe hata namba kumi hajui "kuvunjika mbavu" inahusiana vipi na kicheko. Nilisimama, nikajibu, muda ukaisha na mikono bado iko juu. Nilitoka darasani nikijisikia vizuri ajabu. Nikafika hadi kwenye korido nikifikiri kwamba huenda jambo lenyewe ni hili tu, kusimama na kujibu.

Kabla sijafika ofisini nikakumbuka. Madaftari arobaini na mawili. Mezani kwa Mkaguzi. Mwisho wa mwezi!

Jumanne, Machi 11

Mpango mpya. Huu hauna tundu hata la sindano.

Watoto wanaandika wanachosikia. Basi wasikie! Asubuhi nimepita katikati ya madawati nikizungumza na Mwalimu wa Hisabati, kwa sauti ya kufika nyuma, kwamba mwalimu wa saba A ni jembe. Kwamba ni kichwa. Kwamba ana mkono mwepesi na ulimi wa asali, na shule hii bila yeye ingekwenda na maji. Kalamu zikakimbia. Mkaguzi atasoma sifa zangu mara arobaini na mbili, kwa mwandiko wa watoto wasio na hatia. Nani atamshuku mtoto?

Hisabati akatikisa kichwa akasema jambo moja akaenda zake. Dakika hiyo hiyo mkono wa Neno-kwa-Neno ukapanda. Akauliza, hilo alilosema Mwalimu wa Hisabati, "kujipigia debe", ni debe la aina gani?

Sikubabaika. Nimeshaiva sasa. Nikamwambia maana yake ni kufanya kazi kwa bidii, hasa kazi ya ualimu. Akashukuru, akaandika. Wote wakaandika. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, na sentensi ya mfano waliyoitunga wenyewe bila msaada wangu: "Mwalimu wetu anajipigia debe kila siku." Inasomeka vizuri. Nimeipa alama zote.

Neno-kwa-Neno ameomba ruhusa, kabla ya kuitia wino, apitie kwa mama wa cherehani jioni ahakikishe maana. Nimemruhusu. Nimempa na salamu ampelekee. Mama Watoto ni mke wangu. Hawezi kunigeuka mara mbili ndani ya wiki moja.